Kumfuta Hakimu Uso

Mimi ni dobi. Nimefua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, na kabla hujaniuliza: ndiyo, mgongo unauma, na hapana, sitaki ushauri. Nasema mapema ili ujue unazungumza na nani. Mimi si mtu wa mbwa. Mbwa ni nywele, na unywele mmoja ukikaa kwenye koti jeusi la mteja, mteja haoni tena koti, anaona unywele. Kwa hiyo siku Hakimu alipoingia dukani kwangu nilimtazama kama ninavyotazama doa la wino, nikijiuliza kwanza limeingiaje, halafu litatokaje.

Hakimu ni mbwa wa mwanangu. Mweupe, mfupi wa miguu, nywele zinaburura sakafuni, na usoni ndiko kwenye balaa lenyewe: nyusi zimeangukia macho, sharubu zimeungana na ndevu, na ndevu zinafika kifuani. Akikaa kimya mbele yako unahisi una kesi ya kujibu. Jicho lake la kushoto halipo. Mwanangu alimwokota kwenye jengo moja lililotelekezwa, nywele za uso zimegandamana hata kitana hakipiti, na nywele hizo hizo ndizo zilizoliharibu lile jicho kwa uchafu na kulichomachoma. Limebaki moja, la kulia, jeusi, na linakutazama vizuri sana.

Mwanangu ni wa kike, ndiye huyo huyo mmoja, na ni fundi rangi wa majumba. Alikuwa anapaka dari ya ukumbi fulani, ngazi ikateleza, akaanguka, akavunjika paja. Wakamlaza hospitali, mguu wakauning'iniza kwa vyuma, wakamwambia wiki saba. Na akitoka hapo, miezi sita asipande ghorofa. Yeye anaishi ghorofa ya nne.

Nilipofika kumwona alikuwa amelala chali anatazama juu. Nadhani alikuwa anakagua kazi ya aliyepaka ile dari.

"Baba," akasema, "sina mwingine wa kumwachia Hakimu."

Ningependa kukwambia maneno yale hayakuniuma. Yaliniuma. Mimi na mwanangu hatukuwahi kugombana. Kugombana kungekuwa nafuu, wagombanao hupatana. Sisi tulipoa tu, polepole, kama maji kwenye beseni, huoni yakipoa, mpaka siku unatia mkono unakuta baridi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na tisa akahama, na tangu hapo, miaka kumi na miwili sasa, hajalala kwangu hata siku moja. Huja, hunywa chai, huniuliza habari za mgongo, huondoka kabla kikombe hakijakauka.

Nikamwambia akitoka pale aje nyumbani. Nyumba yangu haina ngazi hata moja, chumba cha nyuma kipo, kitanda kipo, shuka ndiyo usiseme. Akajibu kwamba kuna rafiki yake, mji mwingine, nyumba ya chini, ameshamkaribisha. Nikasema rafiki ni rafiki lakini kwenu ni kwenu. Akasema tutaona. Mtoto wako akisema tutaona kwa sauti ile, ujue yeye ameshaona.

Halafu akaanza maelekezo. Nisimwogeshe, kuoga kwake kuna siku zake, na nikimrukia na sabuni zangu za kufulia ngozi itababuka. Kazi yangu ni uso tu. Uso kila siku, asubuhi na jioni, na ndevu kila anapokula au kunywa maji. Maji ya vuguvugu, bila sabuni. Vitambaa viwili, cha maji na cha kukaushia. Kwenye kona ya jicho nitumie pamba, nivute kutoka ndani kwenda nje, nisirudishe. Kisha nikaushe, maana ndevu zikikaa na unyevu zinanuka na ngozi ya chini inawasha. Kisha kitana, nianzie nchani nikipanda juu, huku nimeshika shina la nywele ili asivutwe. Nywele za paji la uso nizifunge kwa kimpira ziache jicho. Alisema yote hayo bila kupumua, akitazama dari. Mwisho akanigeukia. "Uso tu, baba. Ukimwacha siku tatu, nywele zitaingia jichoni. Hana jicho la akiba."

Nikatoka hospitali nikiwa na mpango wangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia: nikimtunza huyu mbwa wiki saba, nikamkabidhi akiwa na uso unaong'aa na jicho lake zima, binti yangu atajua kwangu kuna mtu wa kumtunza na yeye. Atakuja chumba cha nyuma. Huo ndio uliokuwa mpango, na usinicheke, mzee mpweke hupanga na alichonacho.

Siku za mwanzo nilimfuta kama ninavyosugua kola ya shati. Beseni, kitambaa, shika, sugua, geuza, sugua, haya nenda. Dakika mbili. Hakimu alikuwa anakunja uso mzima kama mtu aliyeuma ndimu, akitoka pale anakwenda kujipangusa kwenye mapazia ya wateja. Jirani yangu ni msusi, mama mmoja mwenye mdomo ambaye saluni yake inagusana na ukuta wangu. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mzee Pasi, na sasa mtaa mzima hawajui lingine. Alisimama mlangoni na kitana mdomoni, akatutazama, akasema huyo si shati, Mzee Pasi, huyo anasikia. Nikamwambia arudi akasuke watu. Hakurudi. Aliingia, akachuchumaa, akanionyesha kushika nywele karibu na ngozi kwa vidole viwili na kuchana zile zilizo nje ya vidole. Kitana chenyewe akaniachia, chenye meno membamba. Nikakipokea kwa kununa, lakini nikakipokea.

Dukani kwangu saa za alasiri hazina mteja. Mvuke umejaa, vioo vimetoka jasho, redio inaongea peke yake chini chini, na barabara huisikii, unaisikia tu ikivuma kwa mbali kama iko mji mwingine. Saa hizo mtu hupiga pasi amelala macho wazi. Mkono unaijua njia. Mimi ndoto zangu nyingi za maisha nimeziota nikiwa nimesimama, na nyingi nimezikunja zikiwa na joto pamoja na mashati. Hakimu alizipenda saa hizo. Alikuja akalala pale mvuke unaposhuka, akawa nusu mbwa nusu wingu, na kila nikiteremsha macho nilikuta lile jicho moja linaniangalia bila haraka yoyote.

Uani nina kamba kumi na mbili. Siku za shuka za nyumba za wageni, ua wote huwa nyumba nyeupe isiyo na dari, ina vyumba na korido, na upepo ukija kuta zinahama. Hakimu aliingia humo akapotea, mweupe ndani ya weupe, naona pua tu inapita. Mchana mmoja nilimfuata na kitambaa mkononi, maana alikuwa ametoka kunywa maji na ndevu zinachuruzika. Nikapita shuka la kwanza, la pili. Chini ya la tatu nikaona miguu midogo imesimama, imevaa soksi za shule, moja imeteremka. Usiniulize kama nilikuwa macho. Nilisimama pale muda mrefu, shuka likinigusa uso na kuniacha, likinigusa na kuniacha. Nilijua nikiliinua sitakuta mtu, kwa hiyo sikuliinua. Hakimu akatokea upande wa pili na kunipaka maji ya ndevu kwenye suruali.

Basi. Sasa nifike kwenye upumbavu wangu.

Chini ya lile jicho, kuanzia konani hadi sharubuni, Hakimu alikuwa na mfereji wa rangi ya kutu. Nilimfuta wiki mbili, asubuhi na jioni, kama nilivyoelekezwa, na mfereji uko vilevile. Wewe huenda usione ubaya. Mimi ni dobi. Mtu akiniletea shuka jeupe lenye doa na nikamrudishia na doa lake, heri nifunge duka nikauze karanga. Nilianza kulala nikilifikiria. Nilimfikiria binti yangu akimwinua mbwa wake, akiliona, akisema moyoni, naam, nilijua.

Nguo nyeupe ikigeuka rangi, kila dobi anajua dawa yake: buluu. Tone moja kwenye maji ya mwisho na shuka linarudi ujana. Nimeitumia tangu sijaota ndevu. Kwa hiyo asubuhi moja nikatia tone kwenye beseni la Hakimu. Nikaona maji hayajabadilika sana, nikatia la pili. Nikachovya kitambaa, nikamfuta vizuri, kwa mapenzi kabisa, kuanzia kwenye jicho. Sikukumbuka kitu kimoja ambacho hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza anakijua: buluu haiwekwi kwenye kitu usichoweza kukisuuza mara tatu. Na uso wa mbwa ni nani atausuuza mara tatu?

Alipokauka alikuwa samawati. Ndevu samawati, sharubu samawati, na chini ya jicho, pale penye kutu, pametoka rangi ambayo sijui jina lake na sitaki kuijua. Msusi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, mpaka nilipoona Hakimu hafungui jicho. Alikuwa amelibana, linatoka maji, naye anageuza kichwa huku na huku akitafuta mwanga uko wapi. Kisha akagonga mguu wa meza.

Daktari wa mifugo tunaye mmoja, binti mdogo aliyezoea ng'ombe. Aliliosha lile jicho kwa maji ya chupa, akalimulika. Akasema limeungua kwa juu. Akanipa dawa ya matone, mara tatu kwa siku, na uso ukae mkavu kabisa. Ndani ya siku nne ama litafunguka ama ndiyo basi. Nikamweleza kwa nini nilifanya vile, nikamwonyesha ule mfereji. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto mdogo inachoma kuliko matusi.

"Hilo si doa, mzee," akasema. "Ni machozi. Machozi yake yana rangi. Huwezi kuyaondoa, unayakausha tu kila yanapotoka."

Nikarudi nyumbani na chupa ndogo mfukoni na mbwa samawati kifuani. Nilipomweka chini alikwenda moja kwa moja chini ya meza ya kupigia pasi, kwenye kona ya ukuta, akajikunja. Nikamwita. Nikamwita kwa chakula. Kila akinusa mkono wangu alirudi nyuma mpaka mgongo ukabana ukutani. Ana haki. Ni mkono huo huo.

Saa ya dawa ya kwanza nilimwita msusi, yeye akamshika mwili, mimi nikamshika kichwa. Hakimu hakuuma. Afadhali angeuma. Alitetemeka tu na kutoa sauti nyembamba, na tone likaanguka puani, la pili kwenye shavu, la tatu kwenye kidole cha msusi. Tukamwachia. Msusi hakuwa anacheka tena. Alisema pole, Mzee Pasi, akaenda zake.

Nilifunga duka. Katika miaka thelathini na minane nimefunga duka mara mbili mchana wa kazi, na ile nyingine ilikuwa siku ya mazishi ya mke wangu, nusu siku tu, jioni nikafungua. Mwaka ule nilipokea nguo za mji mzima. Nilipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia viatu.

Nikakaa sakafuni. Magoti yalilalamika, nikayaambia yanyamaze. Nikalala ubavu, nikaingiza mkono chini ya meza, kiganja juu, bila kitambaa, bila chakula, bila dawa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sikuwa na mwingine. Nikauacha pale.

Dunia ikitazamwa kutoka sakafuni ni nyingine kabisa. Nguo zilizoning'inia zilikuwa watu waliosimama kwenye foleni, hawana vichwa, wanangoja kwa adabu. Mvuke wa mwisho ulikuwa unashuka polepole. Nilisikia bomba likidondosha, na baina ya tone na tone kukawa na nafasi ndefu, na ndani ya nafasi ile nadhani nilisinzia, kwa sababu mke wangu alipita na beseni kiunoni, akanivuka kama mtu anavyovuka mtoto aliyelala njiani. Nilitaka kumwambia mkono wangu hauna kitu, aone. Mkono wangu umezoea nguo, na nguo haziogopi. Unaweza kuishi miaka mingi na mkono wa namna hiyo na usijue una tatizo.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Kwanza nilisikia pumzi kwenye vidole, ya joto. Ikaondoka. Ikarudi. Halafu kitu kizito chenye unyevu kikatua katikati ya kiganja, kikatulia. Kilikuwa kidevu. Alikuwa ameweka kichwa chote pale, uzito wake wote, kama mtu anayeweka mzigo mwisho wa safari. Nililia, sioni haya kukwambia. Nililia bila kutikisika, nisije nikamshtua.

Sikuweka dawa hapo hapo. Nilikaa. Kisha kwa mkono wa pili nikachukua kitambaa kikavu, nikakiweka tu shavuni, nisisugue, kikanywa maji chenyewe. Nikangoja. Nikagusisha pamba konani mwa jicho, nikavuta nje mara moja. Nikangoja. Tone liliingia jichoni saa ambayo nje kulikuwa kumeanza kuwa na giza, na Hakimu hakuondoa kidevu.

Tukawa hivyo. Mara tatu kwa siku nalala sakafuni, naweka mkono, nangoja mwenyewe aje. Siku ya pili alikuja upesi zaidi. Siku ya tatu tulitoka uani, nikakaa kwenye kigoda katikati ya mashuka, yeye akaja akaweka kidevu bila kuitwa. Kufuta uso kulikokuwa kwa dakika mbili sasa kulichukua nusu saa, na sikuijutia. Nilizijua nywele zake fungu kwa fungu: zile laini za chini ya sikio, zile ngumu za sharubu zinazoshika chembe za chakula, zile za kidevuni zinazoshikana zikilowa. Kwa kila fungu kulikuwa na namna yake. Siku ya nne asubuhi nilimfuta, nikakausha, nikainua nyusi zake kwa kidole, na lile jicho likafunguka. Lilikuwa jekundu pembeni. Likapepesa, likatafuta, likaniona.

Kwa binti yangu nilikuwa nikienda kila wiki, na kila wiki aliniuliza neno moja tu: uso? Nami nilijibu: safi. Sikumwambia buluu, sikumwambia jicho. Kila siku nilisema wiki ijayo nitamwambia, na samawati itakuwa imeshapauka. Nakiri, nilikuwa mwoga. Niliogopa nikimwambia ile tutaona itakuwa hapana.

Wiki ya sita wakamruhusu mapema. Hakunipigia. Rafiki yake alikuwa amemfuata kwa gari kutoka mji wake, na walipanga wapitie kwangu wamchukue Hakimu na kuendelea na safari. Haya niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa uani, mikono ya shati nimeikunja, beseni kando, Hakimu mbele ya kigoda, kidevu kiganjani. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. Nikasikia magongo kwenye sakafu ya duka, tak, tak, kisha shuka la karibu likasogezwa, na binti yangu akawa amesimama pale, amekonda, mguu umefungwa bandeji mpaka nyongani.

Hakimu alimsikia kabla yangu. Alitoka mbio, akamzunguka, akalia, akapanda kwa miguu ya mbele kwenye gongo, akamlamba kila palipofikika. Binti yangu akacheka, akainama kadiri alivyoweza, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo akaiona ile rangi. Akanitazama.

Nikamwambia yote. Buluu, jicho, daktari, siku nne, uwongo wangu wa kila wiki. Niliyasema nikiwa nimekaa kwenye kigoda kama mtoto aliyevunja sahani, na sikujitetea kwa lolote. Alisikiliza. Niliposema buluu mdomo ulimcheza kidogo. Niliposema jicho akaacha.

Sasa Hakimu, wakati nazungumza, alikuwa amesharidhika na salamu. Akageuka, akaja kwangu, akaweka kidevu kiganjani. Kazi ilikuwa haijaisha. Upande wa kulia bado. Yeye ni mbwa wa utaratibu, na mimi, sikujua la kufanya, nikafanya kazi. Nikaweka kitambaa shavuni nikangoja. Nikachukua pamba, nikavuta mara moja, nikaitupa. Nikakausha. Nikashika nywele karibu na ngozi, nikachana nchani, nikapanda. Alifumba jicho. Alikoroma kidogo. Ile rangi ya kutu ilikuwa imerudi chini ya jicho, juu ya samawati iliyopauka, nikaikausha tu ilivyo.

Nilipoinua kichwa, nilitegemea kukuta amefurahi. Nisamehe, nilikuwa hata najivunia. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya vibanio, magongo yameanguka chini, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Kumbe mkono huo unao," akasema.

Sikuelewa. Nikasema jicho lake zima, mwanangu, liangalie.

"Nililia mwezi mzima mama alipofariki," akasema. "Kwenye kile chumba cha nyuma. Ulikuwa unakuja mpaka mlangoni, unasimama, unarudi kwenye pasi. Kila siku. Nilikuwa nakusikia unavyosimama."

Kweli nilisimama. Nakumbuka mlango, nakumbuka rangi yake, nakumbuka kitasa kilivyokuwa cha baridi. Nilisimama kila siku kwa mwezi mzima. Nilimwambia ukweli wote niliokuwa nao, na haukuwa mwingi.

"Nilidhani nikikugusa utalia zaidi."

"Ningelia zaidi," akasema. "Ndicho nilichokuwa nakitaka."

Upepo ukapita, kuta zote za ule ua zikainuka na kushuka. Rafiki yake akatokeza kwenye mlango wa duka, akatuona, akarudi kuzima gari.

Nikayamwaga maji ya mbwa. Nikaenda jikoni nikachota mengine, ya vuguvugu, nikachukua kitambaa kipya kutoka juu ya rafu. Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya kreti, na magoti hayakusema kitu. Sikumgusa kwanza. Niliweka mkono mapajani kwake, upande wa mguu mzima, kiganja juu, nikangoja. Alikitazama kwa muda mrefu, mwanamke wa miaka thelathini na moja, fundi mwenye rangi kwenye kucha. Kisha akainamisha uso wake, wote, na uzito wake. Nikaanza kumfuta. Akalia zaidi, kama alivyosema, na mimi sikuacha.